Fahamu: Tovuti moja, masomo manne

Mtaala wa umilisi wa Kenya unahesabu ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa msingi. Ujuzi huo, naamini, haukui katika kipindi cha kompyuta kilichojitenga. Hukua mwanafunzi anapokuwa na jambo la kusema. Chukua magugumaji ya Ziwa Victoria. Wanafunzi wa Kisumu wakiyatengenezea tovuti, watahitaji sayansi kueleza kwa nini mmea huo wa Amerika Kusini hustawi penye mbolea inayosombwa na mito, hisabati kuchora grafu, jiografia kuonyesha ziwa la nchi tatu, na Kiswahili fasaha, maana sentensi mbovu haijifichi mbele ya wasomaji.

Wapo wanaosema mradi hula muda wa silabasi. Usiopangwa huula, kweli. Ufini, ambayo tangu 2016 mtaala wake unadai kila mwanafunzi apate walau moduli moja ya masomo mseto kwa mwaka, haikufuta masomo. Iliyatengea muda wa kukutana. Na shule isiyo na intaneti? Ukurasa wa HTML huandikwa kwa programu ya kawaida ya maandishi na kufunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Kigumu zaidi ni walimu wanne kuketi meza moja kabla muhula haujaanza, na hapo ndipo wakuu wa shule waanzie.