Kugawa, Kupakua na Hakimiliki

Wanamuziki wa singeli wa Kinondoni na Temeke huzitoa nyimbo zao bure katika intaneti, wakitarajia kipato kutokana na kualikwa kwenye vigodoro na matamasha. Je, tendo hilo liitwe kugawa? Kwa maoni yetu, la. Agawaye hupungukiwa, wimbo haupungui. (Hata kupakua, neno lililokwisha kuzoeleka, lina ila iyo hiyo: chungu kilichopakuliwa wali hubaki kitupu.) Tunapendekeza kusambaza bure.

Lakini mfasiri asiandike kamwe kwamba wimbo huo “hauna mwenyewe”. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki huzaliwa pamoja na utunzi; kuruhusu watu wausikilize bila malipo ni ruhusa, si uhamisho. Katika mkataba, maneno hayo mawili yakichanganywa, mtunzi aweza kunyang’anywa wimbo wake.