Kijana mwenye otisimu anapofikishwa polisi

Tunamkumbuka Hana katika 1 Samweli 1. Alikuwa akiomba, midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Eli hakuwa mtu mbaya. Aliona kitu kwa macho yake akakielewa vibaya. Hana alijieleza, Eli akamsikiliza. Leo tunaongea juu ya watu wanaohukumiwa hivyo kwenye ofisi ya polisi, na wengi wao hawawezi kujieleza kama Hana.

Otisimu, wengine wanaiita usonji, ni hali ambayo mtu anazaliwa nayo. Ubongo wake unapokea sauti, mwanga, mguso na maneno kwa namna tofauti. Si pepo, si uchawi, si kukosa adabu. Tuseme ukweli: mara nyingi ni sisi kanisani tunaotangulia kusema ni pepo, na kumshitaki mtoto kuwa mchawi ni kosa linaloadhibiwa na sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto. Wengine wenye otisimu wanaongea vizuri na wamesoma. Wengine hawatamki neno.

Tuwaze kijana kama huyo yuko sokoni. Simu ya mtu imepotea, watu wanapiga kelele: mwizi! Kelele zinamuumiza, anaziba masikio, anakimbia. Kwa watu, kukimbia ni kukubali. Polisi anamshika mkono ghafula, anajinasua kwa nguvu. Sasa wanasema anapigana na polisi. Mbele ya OPJ anaulizwa: "Ni wewe uliiba?" Anajibu: "Ni wewe uliiba." Wengi wenye otisimu wanarudilia maneno waliyosikia, lakini OPJ anaona anachekwa. Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, basi hilo halitamponza. Kucheka kwa sababu ya woga, hilo ndilo litamponza. Mwishoni anaambiwa: "Kubali tu, utarudi nyumbani." Anayapokea maneno jinsi yalivyo, anakubali, anatia sahihi kwenye PV. Kutoka hapo hata avoka hodari atatoka jasho.

Haya hayako Kongo tu. Mwezi wa 7 mwaka 2016, North Miami huko Marekani, mtu mwenye otisimu aliketi barabarani akishika lori ya kuchezea, na mtu mmoja akapigia polisi simu akidhani ni bunduki. Mtunzaji wake alilala chali, mikono juu, akieleza kwamba ni kitu cha kuchezea. Polisi mmoja alifyatua risasi, ikampata mtunzaji mguuni. Alipona. Polisi yule alieleza baadaye kwamba alikuwa amemlenga mwenye otisimu.

Kwa hiyo saa ya kwanza ni ya maana sana. Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au avoka, na polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumpeleka mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 19 kinampa haki ya mtetezi tangu uchunguzi wa polisi. Tena kuna sheria ya 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Paulo alijua haki yake na akaitaja mwenyewe, Matendo 22. Huyu kijana, ni wewe mama, papa, au jirani utakayemtajia.

Fika mbio, bila ugomvi. OPJ labda hajasikia kamwe neno otisimu, basi mweleze matendo: anarudilia maneno, anaogopa kushikwa, anahitaji muda kabla ya kujibu. Omba aulizwe kwa maneno mafupi, mahali pasipo kelele, nawe ukiwepo. Omba asitie sahihi mbele ya avoka kufika. Hatusemi hawezi kukosa. Kama aliiba kweli, mwenye simu ana haki yake. Lakini ijulikane kwa ushuhuda, si kwa kicheko.

Msingoje siku ile. Andikeni karatasi moja: jina lake, namba za simu za watu wawili, kinachomwogopesha, kinachomtuliza. Kama daktari alimwandikia chochote, tieni kopi pamoja nayo. Moja ikae mfukoni mwake, nyingine kwa mchungaji. Wasiojua kuandika, waone mashemasi baada ya ibada.