Mpunga Mmoja, Majina Mawili

Katika bonde la Kilombero hakuna mtoto wa mkulima anayehitaji kufundishwa mpunga ni nini. Ameamia ndege shambani, amepura, amepepeta. Lakini hebu, ndugu msomaji, tumwazie kijana wa Ifakara aliyebahatika kuingia chuo, akaagizwa aandike juu ya mbegu ya SARO 5, iliyotokana na kazi ya watafiti wa KATRIN huko huko kwao.

Anafungua katalogi ya maktaba kwenye kompyuta na kuandika: "mbegu ya SARO 5 inayolimwa kwetu Ifakara." Jibu linakuja: hakuna kilichopatikana. Kijana anainuka akiamini kwamba hakuna aliyepata kuandika juu ya mpunga wa kwao.

La hasha, maandishi yapo. Katalogi hulinganisha herufi; haisomi nia ya mtu. Mbegu ambayo mkulima huiita SARO 5, aghalabu watafiti huiandika TXD 306. Isitoshe, wengi wao huandika kwa Kiingereza.

Zamani katalogi ilikuwa kabati la kadi, na mkutubi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Leo msomaji huifungua usiku, peke yake, katika chumba cha kupanga. Nani atamwelekeza?

Maktaba nyingi hubandika maelezo marefu, ambayo mgeni huyasoma na kuyasahau. Iko njia iliyo bora zaidi. Mwaka 2012 maktaba za Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, zilitoa bure programu iitwayo Guide on the Side. Upande mmoja wa kioo kuna maelekezo. Upande wa pili kuna katalogi yenyewe. Mwanafunzi husoma hatua moja, huitenda papo hapo, huulizwa swali, kisha huendelea. Akikosea hurudia, na hakuna wa kumcheka.

Somo la namna hiyo lingeweza kuandikwa kwa Kiswahili na kwa mifano ya kwetu. Kwanza, andika maneno mawili au matatu tu. Pili, ukikosa, badili jina: weka TXD 306 mahali pa SARO 5. Tatu, ukimtafuta mwandishi, tanguliza jina la ukoo: Nyerere, Julius. Nne, nakili namba ya kitabu, kwani ndiyo anwani yake rafuni. Kwa utaratibu wa Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, mpunga hukaa kwenye 633.18.

Hata hivyo, somo hili si mbadala wa mkutubi. Sura ya katalogi ikibadilika, maelekezo huchakaa, na lazima awepo mtu wa kuyatengeneza upya.

Katika kampeni za kisomo cha watu wazima za miaka ya 1970, taifa letu halikugawa vitabu tu na kuwaacha watu wahangaike navyo. Liliwapa wananchi mwalimu wa kukaa nao, hatua kwa hatua. Katalogi nayo ni kisomo kipya, na mgeni wake anastahili heshima ile ile.

Siku kijana wetu atakapofundishwa kuandika lile jina la pili, atagundua kwamba kazi ya mashamba ya baba yake imo katika vitabu vya wataalamu.