Pikipiki za "150": Pistoni Haziingiliani

Mwenye duka la vipuri anayeagiza "pistoni za 150" bila maelezo zaidi anaweza kubaki na mzigo usiotoka. Pikipiki zinazojulikana kwa namba hiyo Afrika Mashariki si za aina moja. Boxer BM150 ya Bajaj kutoka India ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56. Za Kichina zenye injini ya aina ya CG150 zina milimita 62. Pistoni ya moja haiingii kwenye nyingine, ingawa matangazo ya zote mbili yanasema 150.

Ujazo wa injini ni nafasi inayofagiwa na pistoni kutoka chini hadi juu. Chumba cha mwako kilichobaki juu yake hakihesabiwi. Hesabu yenyewe mfanyabiashara anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha dukani: kipenyo mara kipenyo, mara urefu wa mwendo wa pistoni, mara 0.7854. Vipimo vikiwa vya sentimita, jibu ni cc za silinda moja.

Kwa hesabu hiyo Boxer, yenye kipenyo cha 5.6 na mwendo wa 5.88, inatoa cc 144.8. CG150 (6.2 kwa 4.95) inatoa cc 149.4. Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo ndiyo asili ya injini hizo za Kichina, inatoa cc 124.1. Mwendo wake ni ule ule wa 4.95, kilichoongezwa ili kupata 150 ni upana wa silinda tu.

Kukadiria kwenda juu ni desturi ya viwanda, wala si wizi. Leseni na ushuru hupangwa kwa mipaka ya cc, hivyo mtengenezaji hujibana chini ya mpaka na kutangaza namba ya mpaka wenyewe. Hata hivyo, katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa forodhani, pikipiki zote zinazozidi cc 50 hadi cc 250 huwa fungu moja. 125 na 150 hazitenganishwi hapo.

Kwa injini za Kichina, kinachosaidia zaidi ni maandishi yaliyogongwa kwenye injini. Katika 162FMJ, 1 ni idadi ya silinda, 62 ni kipenyo kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki na J ni daraja la 150. Ile ya 125 huandikwa 156FMI. Oda ya pistoni, ringi au bloku ikiwa na maandishi hayo, muuzaji wa jumla hupunguziwa kubahatisha.

Kwa pikipiki iliyotumika, maandishi hayo nayo hayatoshi. CG125 iliyochongwa silinda kwa nusu milimita hufika cc 126.3 na huhitaji pistoni ya saizi iliyoongezwa, huku kadi yake ikiendelea kusoma 125.