Mwaka wa Frescobaldi Brussels

Mwaka 1607, Girolamo Frescobaldi, kijana wa miaka 23 kutoka Ferrara, aliacha kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Santa Maria in Trastevere mjini Roma, akafunga safari ya Brussels. Alibebwa na mtu. Guido Bentivoglio, askofu mkuu kutoka ukoo wenye nguvu wa Ferrara, alikuwa ameteuliwa kuwa balozi wa Papa huko Flanders, akamtia kijana huyo katika msafara wake. Mwanamuziki wa zama zile asiye na mlezi wa aina hiyo hakuwa na nauli, malazi wala mlango wa kubisha hodi.

Brussels ilitawaliwa na Albert na mkewe Isabella, Wakatoliki wa kupindukia. Kanisa la ikulu yao lilikuwa na wapiga kinanda mahiri wawili. Mmoja ni Peter Cornet, wa ukoo wa wanamuziki wa mjini hapohapo. Mwingine ni Peter Philips, Mkatoliki aliyekimbia Uingereza mwaka 1582, akatiwa gerezani mwaka 1593 kwa tuhuma za njama dhidi ya Malkia Elizabeth, kisha akaachiwa. Kwa kijana mwenye masikio ya Frescobaldi, naamini mji huo ulikuwa chuo tosha.

Tukumbuke kinanda chenyewe. Hakikuwa hiki chetu cha kuchomeka kwenye umeme. Nyuma ya mabomba alisimama mtu wa mivukuto, akiikanyaga kwa zamu ili upepo usikatike. Akichoka, sauti inalegea, na mpigaji mbele anaaibika ingawa vidole vyake havijakosea.

Kitabu cha kwanza cha Frescobaldi, cha nyimbo za sauti tano, kilichapishwa Antwerp mwaka 1608, naye akamtunukia Bentivoglio kitabu hicho. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Ukiacha vipindi alivyokwenda kutumikia Mantua na Florence, kazi hiyo aliishika hadi kifo chake tarehe 1 Machi 1643.

Mwaka 1635 alitoa Fiori musicali, mkusanyo wa muziki wa kinanda kwa Misa tatu. Ndani yake mna kipande kimoja cha ajabu: mpigaji anapewa noti sita za kuimba mwenyewe huku akipiga, lakini haambiwi aingie wapi. Ni lazima apatafute. Johann Sebastian Bach alikuwa na nakala ya kitabu hicho kufikia mwaka 1714, naye hakuwa mtu wa kujifunza kwa yeyote tu.

Frescobaldi alipita tu Brussels; mwanamuziki mwingine wa Italia, Pietro Antonio Fiocco, alibaki. Alizaliwa Venice mwaka 1654, akahamia Brussels, akaoa huko, akaongoza muziki wa ikulu na wa kanisa la Notre-Dame du Sablon hadi alipofariki mwaka 1714. Mwanawe Jean-Joseph alirithi kazi ya ikulu. Mdogo wake, Joseph-Hector, aliongoza muziki wa kanisa kuu la Antwerp, kisha wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Gudula, Brussels. Kipande chake kimoja cha mwaka 1730 hufundishwa hadi leo kwa watoto wanaojifunza fidla katika nchi nyingi.

Vipaji vya namna hii tunavyo. Katika parokia nyingi za Afrika Mashariki kinanda hupigwa na kijana aliyejifundisha mwenyewe, anayetunga nyimbo za Misa usiku baada ya kazi, na malipo yake ni nauli na soda. Bentivoglio hakumfundisha Frescobaldi hata noti moja, alimlipia njia. Mapadre, kamati za liturujia na nyinyi waumini wenye uwezo: mtafuteni kijana huyo Jumapili hii, mumuulize anahitaji nini ili asome, kisha mumlipie.