Kabla ya Mtandio: Kuchagua Draya ya Nywele ya Nyumbani



Huenda mtu akauliza: katika mji wenye jua kama la Garsen, draya ya nini? Mchana hana kosa. Nywele zikianikwa uani baada ya Adhuhuri hukauka kabla wali haujapakuliwa. Shida ni alfajiri. Mwanamke aliyewajibika kukoga josho kabla ya Swala hana budi maji yafike kwenye mashina ya nywele. Bi Ummu Salama (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu misuko yake, naye akamruhusu asiifumue, bali ajimiminie maji kichwani mara tatu. Ruhusa hiyo imetuondolea uzito wa kufumua, lakini nywele zimelowa vilevile, na gari la Malindi halimngoji mtu.

Basi hujifunga mtandio juu ya nywele zilizolowa, akavaa buibui, akashinda hivyo hadi Alasiri. Unyevu uliofungiwa ndani ya nguo katika joto letu ndio chakula cha fangasi wa mba. Huanza mwasho nyuma ya masikio, kisha harufu ambayo mwenyewe huisikia akivua mtandio mbele ya mumewe. Bibi zetu walikuwa na dawa yao: nywele zikikaribia kukauka walizifukiza udi juu ya chetezo, polepole, kwa nafasi. Nafasi hiyo ndiyo tuliyoikosa siku hizi. Na wapo wanaonunua draya kwa sababu nyingine ambayo naiunga mkono: hawataki kufunua vichwa vyao katika saluni ambayo mlango wake unaelekea barabarani.

Jambo la kwanza la kutazama si rangi wala jina, ni umeme wenyewe. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Shangazi yangu aliletewa draya nzuri na bintiye aliyekuwa akifanya kazi Jeddah. Aliichomeka asubuhi moja, ikanguruma kwa nguvu ya ajabu, ikatoa moshi, ikanyamaza milele. Nyumba nyingi za Saudia kwa miaka mingi zilitumia volti 127, na vifaa vya Marekani hutengenezwa kwa volti 120. Zawadi ya Oman au ya Imarati haina tatizo hilo. Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka, soma maandishi madogo kwenye mpini: yakitaja 220 hadi 240, salama. Zipo chache zenye swichi ya kuchagua volti. Hakikisha imeelekezwa upande wa juu. Yakitaja 110 au 127 pekee, iache, hata kama aliyeleta ni mtu wa kuheshimiwa sana.

La pili ni wati, na hapa wanunuzi wengi hujidanganya. Draya ya wati 1,800 ikitumika dakika 20 hula yuniti 0.6. Ukiitumia kila siku, kwa mwezi ni yuniti 18. Nyumba ndogo isiyovuka yuniti 30 kwa mwezi, ambayo tangu Aprili 2023 hutozwa bei ya chini, itakuwa imemaliza zaidi ya nusu ya kiwango chake kwa nywele tu. Je, tununue ndogo ya wati 1,200? Itachukua labda dakika 25, nayo ni yuniti 0.5, tofauti ni kidogo mno. Akiba ya kweli i katika taulo. Zikamue nywele na kuzifunga kwa kanga kuukuu ya pamba robo saa nzima, huku ukisoma nyiradi zako, kisha ndipo uwashe mashine. Wenye umeme wa jua vijijini, ule wa taa na simu, wasijaribu kabisa: kwa betri ya volti 12, wati 1,800 ni ampea 150, na mtambo wa nyumbani haukujengwa kubeba mzigo huo.

Kuhusu joto, tafuta yenye viwango viwili au vitatu na kitufe cha hewa baridi. Watafiti wa Korea Kusini waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walipima joto la draya: kwa umbali wa sentimita 5 lilifika digrii 95, kwa sentimita 10 digrii 61, na kwa sentimita 15 digrii 47 tu. Nywele zilizokaushwa kwa sentimita 15, mkono ukitembea bila kusimama, hazikuharibika kama zile zilizosogezewa moto. Sentimita 15 ni kama urefu wa kalamu. Wenye nywele za kipilipili waombe ile yenye kidomo kipana cha matundu, kinachotawanya upepo. Wenye nywele za singa kidomo chembamba kitawafaa zaidi. Maneno ya seramiki na ayoni kwenye kasha yasikuongezee bei sana. Mafuta ya nazi yapakwe baada ya kukausha, si kabla, yasije yakakaangika kichwani.

Lakini linaloniondolea usingizi ni plagi. Nimeona katika nyumba zaidi ya moja draya ya miguu miwili ikilazimishwa kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kusukumiza kalamu katika tundu la juu. Mwenye kufanya hivyo ana mikono iliyotoka kwenye maji. Nunua yenye plagi ya miguu mitatu ya bapa na stika ya Shirika la Viwango la Kenya, na usiiunganishe kwenye ekstensheni moja na birika la umeme: draya huvuta ampea 7.5, birika zaidi ya 8, na ekstensheni imekusudiwa 13. Bafuni isiingie. Na nyumba zilizofikiwa na mafuriko ya 2023 au 2024, soketi za chini zikaguliwe na fundi kwanza.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya kwetu hasa. Umeme hukatika katikati ya kukausha. Mama anaiweka draya kitandani, anakwenda kuwaandalia watoto chai. Umeme unaporudi, mashine inajiwasha yenyewe juu ya godoro, chini ya chandarua. Stima zikipotea, chomoa plagi kwanza, hata kabla ya kutafuta tochi.

Mwisho ni vumbi. Nyuma ya draya pana wavu ambao hewa huingilia. Kwa vumbi la Garsen wakati wa kiangazi huziba upesi, mashine ikapata moto na kujizima. Kila Ijumaa, ikiwa imechomolewa na imepoa, ufute kwa mswaki wa zamani ulio mkavu. Ukinunua dukani, mwombe muuzaji akuoneshe wavu huo ukifunguka. Usiofunguka, rudisha kasha rafuni.