Virusi Vinavyofichua Chanzo cha Kansa ya Shingo

Uvimbe mgumu usiouma ukitokea shingoni mwa mtu mzima na usipopungua kwa majuma matatu, yafaa uchunguzwe na daktari. Mara nyingine huwa ni kansa, lakini kansa isiyoanzia hapo. Chembe zake husafiri katika mishipa ya limfu kutoka mahali pengine, zikanaswa na tezi za shingo. Kwa baadhi ya wagonjwa chanzo hicho hakionekani, hata baada ya kinywa, pua na koo kukaguliwa na picha za ndani ya mwili kupigwa.

Je, kuna ubaya gani chanzo kisipojulikana? Daktari hulazimika kuelekeza mionzi kwenye eneo kubwa la koo kwa tahadhari. Mionzi hiyo huweza kukausha mate na kumsumbua mgonjwa katika kumeza kwa miaka mingi. Lakini eneo lenye chanzo likiachwa bila tiba, kansa huendelea kukua.

Hapo ndipo virusi vinapotoa ushahidi. Aina mbili huhusika, na kila moja ina makao yake. Ya kwanza ni virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, katika chembe za uvimbe wa watoto uliotoka Uganda, ambako daktari Denis Burkitt aliuchunguza ugonjwa huo. Mwaka 1970 Harald zur Hausen na wenzake walionyesha DNA ya virusi hivyo katika kansa ya nasofarinksi, yaani sehemu ya juu ya koo iliyo nyuma ya pua. Aina ya pili ni virusi vya papiloma, hasa namba 16, ambavyo kundi la zur Hausen lilivitambua mwaka 1983 katika kansa ya mlango wa kizazi. Virusi hivyo husababisha pia kansa ya tonsili na ya shina la ulimi.

Chembe ya kansa ihamapo, huhama na virusi vyake. Kwa hiyo kipande kidogo cha tezi ya shingo hutosha kupimwa. Ikionekana RNA ya Epstein-Barr, daktari huelekea nasofarinksi. Yakionekana mabaki ya papiloma, huelekea tonsili na shina la ulimi. Protini iitwayo p16, inayojaa katika chembe zenye papiloma, ni dalili nzuri, ila haitoshi peke yake, kwani baadhi ya kansa za ngozi ya kichwa huwa nayo pia. Toleo la 8 la mwongozo wa Kamati ya Pamoja ya Kansa ya Marekani, lililoanza kutumika mwaka 2018, huzipanga kansa za shingo zisizojulikana chanzo kwa kufuata vipimo hivi.

Virusi visipoonekana, utafutaji wa chanzo hauna budi kuendelea, kwa maana kansa nyingi za kinywa na koo hutokana na tumbaku na pombe. Lakini vinapoonekana, mgonjwa hupata faida kubwa: mionzi huelekezwa panapostahili, na sehemu zisizo na ugonjwa huepushwa na madhara yake.